Joto la Diski na Baridi ya Wakubwa

Siku mliyoniaga mlinipa kanga, saa ya ukutani na kipaza sauti. Kanga na saa nilizichukua. Kipaza sauti nilikirudisha, kwa sababu wakubwa walikuwa wameketi safu ya mbele, na mimi si mtu wa kula pilau ya watu kisha nikawarushia maneno midomo ingali na mafuta. Sasa niko kwangu Kibarani, pilau imeshashuka, na ninyi wenzangu wa idara mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kutunza kompyuta. Nimekubali. Msitafute humu habari za vyeo. Cheo nilipewa kila palipotokea balaa na pakakosekana mtu wa kulaumiwa. Mshahara mnaujua, maana ndio huo huo wenu.

Kazi yangu, ukiivua majina yote iliyopewa, ilikuwa moja: kuzuia diski zisiungue. Hilo tu. Watu hudhani sisi tunashinda tukibonyeza vibonyezo na kusoma maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi. Mimi nusu ya maisha yangu ya kazi nilikuwa na brashi mkononi na jasho mgongoni, nikigombana na watu wazima juu ya dirisha, pazia na kiyoyozi.

Nilianzia Malindi, mji wangu wa kuzaliwa, katika hoteli moja ya pwani, enzi za kompyuta zenye kitako kikubwa kama televisheni. Nilikuwa nimetoka chuo Mombasa na cheti changu kwenye bahasha, na buibui jipya. Mkuu wa mitambo alikuwa Bwana Kombe, mhandisi kutoka Rabai, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesoma ng'ambo akarudi na dharau ya kutosha watu kumi. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Umekuja kufanya kazi au umekuja kuona bahari?"

"Bahari nimezaliwa nayo, Bwana Kombe."

"Vizuri. Basi huku nyuma hutaiona."

Kweli sikuiona. Kompyuta iliyobeba habari zote za hoteli, nani analala wapi na nani kalipa nini, ilikuwa imewekwa kwenye kijichumba kando ya dobi, ukuta mmoja na birika kubwa la kuchemshia maji ya shuka. Meneja hakutaka watalii waone nyaya. Ati nyaya zinaharibu mandhari. Basi mashine ikafichwa mahali ambapo hata shati lilikauka kabla hujalitundika.

Bwana Kombe alifungua kifuniko, akanionyesha diski, kijisanduku cha chuma kisichozidi kitabu kidogo.

"Weka mgongo wa mkono hapo."

Niliweka, nikautoa haraka. "Ina moto."

"Moto wa nini? Wa uji wa mtoto au wa chai?"

"Wa chai."

"Uji wa mtoto, inafanya kazi. Chai, inakufa. Hilo ndilo somo la leo, kamata brashi."

Baadaye diski zikaja na vipimajoto vyake ndani, tukawa tunasoma nambari kwenye kioo, na nambari zikakubaliana na uji wa Bwana Kombe. Chini ya nyuzi arobaini diski imetulia. Ikivuka arobaini na tano, isimamie. Ikipita hamsini ujue inakula siku zake yenyewe, hata kama leo inafanya kazi na bosi wako anacheka.

Ili nisije nikadhani ni ushirikina, alinifungulia diski iliyokufa. Ndani mna visahani vinavyong'aa kama kioo cha bibi harusi, na mkono mwembamba wa kusomea. Alinieleza kwamba visahani huzunguka kwa kasi mchana kutwa, na ncha ya ule mkono huelea juu yake bila kugusa, kwa mwanya mwembamba kuliko unywele. Joto likizidi, vyuma vinatanuka, kila kimoja kwa kiasi chake, mafuta ya mhimili yanalegea, ule mkono unaanza kukosea mahali pa kusoma. Siku moja unagusa. Alinionyesha mkwaruzo kwenye kisahani, duara jembamba la kijivu. "Hapa," akasema, "palikuwa na majina ya wageni wa Krismasi. Sasa meneja ayasome hewani."

Yule meneja, nimtendee haki, alikuwa na mapenzi na mashine ile. Aliifunika kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Tukikitoa, yeye anakirudisha. Mwishowe Bwana Kombe alimfuata ofisini, akamfunika kichwani na kile kitambaa mbele ya karani, akamwuliza kama anapumua vizuri. Kitambaa hakikuonekana tena. Mwaka uliofuata tulipata kiyoyozi, na meneja huyo huyo akakishusha hadi mwisho wa baridi yake, kisha akaacha mlango wazi ili upepo wa bahari uingie kusaidia. Kwa wasiojua: ukiifanya mashine iwe baridi kama chupa ya soda kisha ukailetea hewa ya pwani, mashine inatoa umande kama chupa ya soda. Maji juu ya stima. Na upepo ule haukuja peke yake, ulikuja na chumvi, na chumvi inatafuna shaba bila kelele. Ndiyo maana nimewaimbia miaka yote: mlango ufungwe, baridi iwe ya wastani, na isipandishwe wala kushushwa ghafla. Diski haihitaji kuganda. Inahitaji siku zinazofanana.

Bwana Kombe alipostaafu alirudi Rabai kwenye mikorosho yake, akaniachia brashi zake laini na ulimi wake. Nilivitumia vyote viwili.

Nilipohamia hospitali ya Kilifi nilikuta kile kilichoitwa chumba cha seva. Kilikuwa ghala la magongo na vitanda vilivyovunjika miguu, na dirisha lake lilipigwa na jua lote la alasiri. Kabati la seva lilikuwa limesukumwa likabana ukutani kabisa, huko nyuma ambako ndiko joto linakotokea. Mtaalamu aliyelifunga alikuja na suti, kwa jua lile, akaweka feni zinazopuliza kuingia kutoka mbele na feni zinazopuliza kuingia kutoka nyuma. Nilimwuliza hewa itatokea wapi. Akaniambia mfumo ni wa kisasa. Hewa ilikuwa inaingia pande mbili, inakutana katikati, inasalimiana, inakaa.

Nilizigeuza feni za nyuma. Nikalivuta kabati, nikapaka dirisha rangi nyeupe, nikaziba matundu matupu ya kabati kwa vibati ili baridi ipite kwenye diski badala ya kupita njia ya mkato. Nikafukuza magongo. Kisha nikapigania kiyoyozi, na hilo sitalisimulia, maana nikilikumbuka presha inapanda. Kilipokuja, ndipo nilipogundua kwamba chumba cha baridi katika mji huu hakikosi wapangaji. Nilikuta kreti za soda za karamu. Nilikuta keki ya harusi. Siku moja nilikuta samaki wawili, changu wabichi, kwenye mfuko wa plastiki, juu ya seva, wa afisa mmoja ambaye alishangaa kwa nini nimewarusha nje kwa paka.

Sasa niwaambie habari ya Bwana Charo, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa vipande, na kila mwenye kipande ameongeza chumvi yake.

Bwana Charo alikuwa msimamizi mkuu wa hospitali. Alivaa vizuri, alisalimia vizuri, na alipenda neno "mfumo". Wakati huo hospitali ilikuwa imeacha filamu. Picha zote za mionzi, vifua, mifupa na vichwa, zilikuwa zinakaa kwenye diski zetu. Diski nane katika seva moja. Zilipangwa zibebane: moja ikifa, saba zinabeba mzigo wake, na hata mbili zikifa picha zote zipo. Ya tatu ikifa, hakuna picha hata moja. Najua mtauliza, nakala zilikuwa wapi? Mashine ya nakala iliombwa, ikakubaliwa, ikasifiwa kwenye kikao. Haikuletwa.

Ilikuwa kaskazi inaelekea kwisha, ule wakati ambapo Kilifi haina pumzi hata chini ya miti. Kiyoyozi cha ofisi ya Bwana Charo kikafa. Akaja mwenyewe chumbani kwangu, akasimama chini ya kiyoyozi changu, akafumba macho.

"Bi Rukia, hiki nakiazima."

"Si changu, Bwana Charo. Ni cha diski."

"Kwani diski zinatoka jasho?"

"Zingetoka jasho zingenusurika. Wewe jasho ndilo linalokupoza. Hizi masikini hazina."

Alicheka. Nilikuwa nimemwambia jambo la kweli kabisa, naye akadhani ni utani. "Nina wageni wafadhili wanakuja kuona mfumo wetu. Siwezi kuwaketisha kwenye tanuri. Ni kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Muda."

Mafundi wakaja, wakakibandua, wakaacha tundu ukutani ambalo hewa ya nje iliingilia bila hodi. Mimi nikapewa feni ya mezani yenye shingo iliyopinda. Feni haitengenezi baridi. Inalichukua joto hapa inalipeleka pale, na chumba kikiwa kidogo, pale ni hapa hapa. Niliegemeza mlango, nikaziba lile tundu kwa ubao, nikazima kila kilichoweza kuzimwa. Diski zikapanda arobaini na saba, zikapanda hamsini na mbili. Seva ikaanza kupiga kengele yake ya hatari, ule mlio mwembamba unaoingia menoni. Wauguzi wa wodi ya jirani wakalalamika kwamba wagonjwa hawalali, na walikuwa na haki. Bwana Charo akatuma fundi wa stima.

Fundi akaikata kengele. Kwa hesabu za ofisi, tatizo likawa limekwisha.

Diski ya kwanza ilikufa kimya kimya. Nilikwenda nikasema. Nikaambiwa si zimebaki saba? Ya pili ikafuata kabla ya juma kwisha. Diski mpya za akiba nilikuwa nazo kabatini, lakini ukichomeka mpya, zile zilizobaki husomwa zote mwanzo hadi mwisho bila kupumzika ili kuijaza, na kusoma huko kunazidisha joto. Katika chumba kile ningekuwa naziua kwa mkono wangu. Nilitaka seva izimwe hadi baridi irudi. Bwana Charo akasema kwa upole kabisa, "Bi Rukia, wageni wanafika kesho. Usizime kitu."

Kesho yake asubuhi akaja Daktari Amina. Huyu alikuwa daktari wa picha za mionzi, binti wa Mambrui, mdogo kwangu kwa umri, na ni katika watu wachache pale niliowaamkia kwa moyo. Nyuma yake alikuwapo mama mmoja amejifunga leso kichwani, ameshika ukuta.

"Bi Rukia, huyu ni Mama Kadzo, kutoka Ganze. Kichwa kinamwuma hadi anatapika. Nimempiga picha sasa hivi, kuna kivimbe ndani. Lakini alipigwa picha hapa hapa kitambo, alipoanguka. Naitaka ile ya zamani."

"Hana filamu?"

Mama Kadzo alijibu mwenyewe. "Walinipa kisahani kile cha kung'aa, mwanangu. Nikakiweka darini. Nyumba ikavuja."

Daktari Amina akanivuta kando. "Kama kile kivimbe kilikuwapo na hakijakua, simgusi; kichwa nitakitafutia sababu nyingine. Kama ni kipya au kimekua, gari linampeleka Mombasa leo, akapasuliwe. Bila ya picha ya zamani mpasuaji hatasubiri. Atafungua."

Nilijaribu kuifungua picha pale pale. Seva ikazunguka, ikazunguka, ikaleta nusu ya jina la mgonjwa, ikaganda. Nikatazama kipimo: hamsini na sita. Diski ya tano ilikuwa inatoa sauti ambayo nilifundishwa Malindi nisiisahau, tik, kisha kimya, tik. Ule mkono unatafuta mahali pake na haupaoni.

Nikaenda kwa Bwana Charo. Wageni walikuwa wameshafika, wako kwenye chai. Alinipokea mlangoni, mlango ameuegemeza nusu, na baridi ya kiyoyozi changu ikanipiga usoni.

"Nirudishie dakika hii, Bwana Charo. Kuna mgonjwa."

"Kukibandua na kukifunga upya ni kazi ya mchana kutwa. Unalijua hilo."

Hapo alisema kweli, na ukweli wake uliniudhi kuliko uongo wake.

"Basi nazima seva."

"Ukizima, nitawaonyesha nini hawa?"

Nikarudi. Njiani nilikuwa nawaza vyumba vyenye baridi katika hospitali ile. Chumba cha maiti, ambako hakufai. Ghala la chanjo, ambako hakuna nafasi ya kugeuka. Na ofisi ya msimamizi mkuu. Kiyoyozi hakiwezi kuja kwetu kabla ya jioni. Lakini sisi tuna miguu.

Nilimwambia Daktari Amina ninachotaka kufanya na hatari yake. Diski iliyozoea kuzunguka miaka bila kusimama, ukiisimamisha ikapoa, huenda isiamke tena. Tukizima, huenda picha ya Mama Kadzo tumeizika. Tusipozima, tumeizika kwa hakika, na za wengine wote. Alinitazama, akamtazama yule mama pale ukutani.

"Zima," akasema.

Nilizima. Chumba kikawa kimya mpaka nikasikia njiwa juu ya paa. Machela zote zilikuwa na wagonjwa, isipokuwa moja, ya Bwana Tinga, mhudumu wa chumba cha maiti. Akaja nayo akasimama mlangoni, akaitazama seva niliyoifunika shuka jeupe isipate vumbi.

"Huyu amekufa au bado?"

"Bado. Ndiyo maana nina haraka."

"Basi atakuwa wa kwanza kupanda hii akiwa hai," akasema, akashika upande wa miguu.

Tuliisukuma taratibu ukumbini. Watu walioketi kwenye mabenchi wakasimama kwa heshima. Mzee mmoja akavua kofia. Hatukuwa na nafasi ya kumweleza. Nilibisha mlango wa Bwana Charo, sikungoja, nikausukuma kwa machela.

Mezani palikuwa na wageni, sambusa na maua. Bwana Charo aliinuka na uso ambao hadi leo ukinijia nacheka peke yangu jikoni.

"Bi Rukia! Ni nini hii?"

"Ni mfumo, Bwana Charo. Wageni si wamekuja kuuona?"

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza kwa Kiswahili kizuri tu, "Siku zote hukaa hapa?"

"La, mama. Hukaa kule nyuma. Lakini kiyoyozi chake kilihamia huku, nayo imekifuata."

Hakuna aliyecheka ila Bwana Tinga, naye alicheka kwa mabega. Tuliisogeza meza ya chai. Niliiacha seva ipumzike chini ya ile baridi. Wengine wangedhani nilikuwa naogopa umande, lakini umande hushika kitu cha baridi kinapoingia kwenye hewa ya joto yenye maji. Sisi tulikuwa tunatoka kwenye joto. Nilichotaka ni vyuma virudi mahali pake polepole. Wageni wakanywa chai yao kwa adabu, seva ikiwa imelala katikati na shuka lake, kama tumekuja kufanya matanga. Nilipoweka mgongo wa mkono nikapata uji wa mtoto, nikawasha.

Ya kwanza iliamka. Ya pili. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la Bwana Charo na sikio langu kwenye chuma. Ya tatu, ya nne. Ile yenye tik ilinguruma, ikasita, nikasoma dua nilizozijua, ikanguruma tena ikashika mwendo. Na ya sita. Feni za seva zikaanza kuvuma kwa sauti ambayo hakuna hotuba ingeweza kuishinda, na mkutano wa Bwana Charo ukaishia hapo.

Picha ya Mama Kadzo ndiyo niliyoitoa mwanzo. Daktari Amina aliifungua kwenye kompyuta yake, ya zamani kushoto, mpya kulia. Alipima, akapima tena. Mama Kadzo alikuwa ameketi kitini, mikono mapajani, akitazama uso wa daktari badala ya kioo.

"Kipo pale pale," akasema Daktari Amina. "Hakijasogea hata kidogo. Mama, sikupeleki kupasuliwa. Hebu nikupime presha, nadhani hapo ndipo shida ilipo."

"Kwa hiyo hakuna kisu?"

"Hakuna kisu."

Mama Kadzo akainamisha kichwa kile kile kinachouma, akalia kidogo, akajifuta kwa leso, kisha akaniuliza mimi, "Na wewe, mwanangu, mbona unatetemeka?" Nilimwambia ni baridi. Ofisini kwa Bwana Charo nilitoka nimeganda kweli.

Nilijua saa za ile diski ya tano zinahesabika. Daktari Amina akaniita majina ya wagonjwa walio katikati ya matibabu, nami nikawa nanakili picha zao kwanza, mmoja mmoja, kwenye kila kompyuta iliyokuwa na nafasi. Bwana Charo alihamia ofisi ya mhasibu, kwenye joto, na nasikia alitoka jasho vizuri. Alasiri, tik ikarudi. Kisha ikawa tik bila kimya. Kisha kimya.

Tulikuwa tumewaokoa waliohitajika siku ile. Waliobaki ndani ni wale ambao hakuna aliyejua kwamba watahitajika.

Mtataka kujua Bwana Charo alifanywa nini. Hakufanywa kitu. Mimi niliitwa kwenye kikao nikaulizwa kwa nini niliingia ofisini na machela bila idhini, na nikaulizwa na watu sita, ambao hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za joto. Wafadhili walitoa seva mpya na mashine ya nakala, na Bwana Charo akapigwa picha akizipokea. Chumba changu kikanunuliwa kiyoyozi kipya, kidogo, cha kutosha. Kile kikubwa hakikurudi. Muda ulikuwa haujaisha.

Lakini kuna kazi moja iliyobaki, na hiyo hakuna mkubwa aliyeiazima. Kila aliyekuja kuitafuta picha yake ya zamani akakosa, aliletwa kwangu niseme naye. Walikuja kwa muda mrefu. Alikuja msichana aliyevunjika nyonga. Alikuja mwalimu. Mmoja alikuwa Mzee Ngala, mkulima kutoka upande wa Bamba, mwembamba, na shati lililopigwa pasi. Kulikuwa na doa kwenye pafu lake, na daktari wa Mombasa alitaka picha ya zamani aone kama doa lilikuwapo. Bila hiyo, angechomwa sindano kifuani kutoa kipande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua picha yangu."

Nikamketisha kwenye benchi la ukumbini. "Mzee, picha yako haipo. Iliungua."

"Pole zenu. Kulikuwa na moto?"

"Hapana. Kulikuwa na joto."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Mwenye hasira ningemjibu.

"Joto hili hili letu?"

"Hili hili."

Mzee akainama. Alivua kiatu kimoja akajikanda kidole, kisha akanyoosha mguu mbele yake. Benchi lile liko mkabala na ofisi ya msimamizi mkuu, pale ukumbi unapobana. Mguu ukakaa pale karibu na mlango, akautazama, akausogeza zaidi hadi kisigino kikagusa ubao wa mlango.

"Hapa chini kunatoka baridi," akaniambia.

"Ndiyo, mzee."

"Nzuri," akasema, akavua na cha pili.